Kitanda cha Mama Stani

Pikipiki iliyokufa iliingia gulio la Kibondo asubuhi moja ya Machi, mwaka 2014, ikiwa hai kabisa.

Ilikuwa nyekundu. Iling'aa hata kuku wakaisogelea wajitazame. Juu yake alikaa Mwalimu Elisante, mtu wa Same aliyepangiwa kufundisha hesabu huko Murungu. Alivaa kofia ngumu, miwani ya jua, na uso wa mtu ambaye hatapanda tena roli la maharage maishani mwake.

Alikuwa ameinunua Kasulu wiki ile ile. Ilikuwa ya mkononi, ndiyo, lakini fundi aliyemuuzia alikuwa ameitoa kwenye kutu na kuirudisha duniani: rangi mpya, kiti kipya, tairi mpya. Mwalimu alizima injini mbele ya wauza ndizi, kwa makusudi, ili umma upate nafasi ya kustaajabu.

Umma ukastaajabu. Kisha mama mmoja mwembamba akainuka nyuma ya mikungu yake, akaizunguka pikipiki, akasimama kwa nyuma, akapiga yowe.

"Kitanda changu!"

"Mama, hii ni pikipiki," alisema Mwalimu Elisante, kwa uvumilivu aliouzoea kule kidato cha kwanza B.

"Nakijua kitanda changu! Nimezalia watoto wawili juu yake!"

Gulio likaangua kicheko. Kijana mmoja wa bodaboda alijitolea kuleta godoro. Mwingine akauliza kama kinalaliwa kikiwa kwenye gia ya ngapi. Mama yule hakuwasikia. Aliishika keria ya nyuma kwa mikono miwili.

"Ua la kushoto limepinda," alisema. "Baba Stani alilipiga kwa kichwa siku ya harusi yetu. Mwenye macho atazame."

Wenye macho wakatazama. Keria ilikuwa imechomelewa kutoka kwenye kichwa cha kitanda cha chuma. Pembeni ilikuwa na maua mawili ya chuma. La kulia lilisimama wima kama kiranja mkuu siku ya mahafali. La kushoto lilikuwa limepinda.

Kicheko kikakatika.

"Mwanangu Dionis ndiye aliyekikata kitanda changu atengeneze keria hii," alisema mama, sasa kwa sauti ndogo. "Aliondoka na pikipiki yake mwaka juzi, hajarudi. Mwalimu, mwanangu yuko wapi?"

Mwalimu Elisante alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, mtu alikwisha kusema "mwizi", na neno hilo likaanza kutembea gulioni kwa kasi kuliko pikipiki yoyote.

Aliyemwokoa ni Inspekta Asmahani Khatibu.

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi kutoka Tanga, mwenye sauti ya kengele ya bweni: ikilia, hata aliyekufa huketi kitandani. Alipita katikati ya watu, akachomoa ufunguo wa pikipiki, akamshika mwalimu mkono, akamwambia mama aje naye. Watu walirudi nyuma. Nyuma yake alikuja Koplo Bukuru, Muha wa Kasulu, mtu mnene na mtaratibu. Yeye alichelewa kwa sababu alikuwa bado anamsalimia muuza dagaa.

Hilo la salamu lilikuwa msalaba wa Inspekta. Alikulia Tanga akiamini kwamba watu wa kwao ndio mabingwa wa adabu duniani. Alipohamishiwa Kibondo akakutana na Waha. Siku yake ya kwanza, mlalamikaji alimsalimia mpaka chai ikapoa: watoto, mume, wazazi, mifugo, shamba, mvua. Ndipo akasema nyumba yake inaungua.

*

"Umeipata wapi?" Inspekta aliuliza kituoni.

"Kasulu, afande. Kwa fundi Abbasi."

"Kadi?"

"Hii hapa."

"Wewe ni mwalimu wa hesabu?"

"Ndiyo, afande."

"Soma namba ya chesisi kwenye kadi. Sasa soma iliyogongwa kwenye pikipiki."

Mwalimu akasoma. Akasoma tena. Miwani ya jua ikamteremka puani.

"Hazilingani," alisema.

"Ulipoinunua uliangalia nini?"

"Rangi," alijibu mwalimu wa hesabu.

Koplo Bukuru aliandika: *Aliangalia rangi.* Akapigia mstari.

Mama yule aliitwa Pelagia, ingawa hapakuwa na aliyemwita hivyo. Kwa kijiji kizima cha Kitahana alikuwa Mama Stani, kwa jina la mwanawe wa kwanza, Stanislaus, aliyekuwa mwalimu wa kwaya mjini Kasulu. Dionis alikuwa wa pili na wa mwisho. Alitoa kadi ya asili kutoka kwenye fundo la kanga yake. Namba zilikubaliana na chesisi bila ubishi. Pikipiki ilikuwa ya Dionis.

"Aliondokaje, mama?"

"Sikumwona akiondoka. Nilikuwa gulioni. Stani ndiye alimwona. Aliniambia mdogo wake amekwenda Kahama, kwenye machimbo ya dhahabu."

"Umewahi kuongea naye kwa simu?"

"Haipatikani. Stani anasema huko wanafanya kazi chini ya ardhi, mtandao haufiki. Lakini akikutana naye huniletea salamu zake. Kila akija, ananiletea salamu."

Inspekta alimtazama. Mama alikuwa ameshika ncha ya meza kama alivyoishika keria.

"Afande, mimi pikipiki siitaki. Kitanda pia sikitaki. Nataka kujua mwanangu yuko wapi. Nimemwekea sahani yake miaka miwili. Nikijua yu hai, nitaipakulia. Nikijua amelala, nitaiosha. Siwezi kuendelea kuifunika tu."

"Utajua," alisema Inspekta. Baadaye alijilaumu kwa ahadi hiyo.

*

Gereji ya Abbasi ilikuwa nyuma ya soko la Kasulu, chini ya mabati matatu na bango kubwa kuliko gereji yenyewe. Abbasi alikuwa na mafuta mpaka kwenye kope. Alipoona sare, akaficha spana nyuma ya mgongo kama mwanafunzi aliyekutwa na andazi darasani.

"Pikipiki nyekundu ya Mwalimu Elisante," alisema Inspekta.

"Imekataa kuwaka?"

"Imewaka. Imemuwakia yeye. Uliitoa wapi?"

Abbasi alipumua.

"Afande, ile niliipokea maiti. Nilikuwa nimekwenda na kigari kununua vyuma chakavu njia ya Kitahana, Desemba, mvua inamwagika. Mtu akanisimamisha barabarani. Kando yake kuna kitu nikadhani ni jiko la mkaa. Kumbe pikipiki."

"Ilikuwa na hali gani?"

"Hali? Haikuwa na hali. Tairi zimeoza. Tangi limejaa tope. Kabureta nimetoa udongo mpaka nikachoka. Kwenye kisafisha hewa kulikuwa na nyuzinyuzi za majani ya mgomba. Na harufu, afande! Nimeiosha kwa petroli, kwa sabuni, kwa ndimu. Bado ilikuwa inanuka ndizi mbivu. Kizima kilikuwa keria peke yake. Nikaiacha."

Koplo Bukuru aliacha kuandika. Inspekta alimwona.

"Na kadi uliyompa mwalimu?"

"Ya pikipiki nyingine," alisema Abbasi, akitazama chini. "Iliyokufa kabisa. Nilihurumia kadi isikae bure."

"Utaihurumia vizuri mbele ya hakimu. Muuzaji ni nani?"

"Alivaa koti la mvua, kofia imeshuka. Nilimwona pua."

"Pua ya namna gani?"

"Pua ya kawaida, afande. Ya mtu anayeuza pikipiki."

"Jina hakutaja?"

"Alitaja. Alisema pikipiki ni yake, anaitwa Dionis."

Kalamu ya Koplo ilianguka.

Njiani kurudi, Inspekta alimkataza Koplo asimwambie mama habari hiyo. Koplo aliapa. Lakini kesho yake walipofika Kitahana, Koplo alimsalimia mama, na salamu ya Koplo ilikuwa ndefu. Mahali fulani kati ya mbuzi na mvua, siri ikamponyoka.

"Yu hai!" Mama Stani alipiga magoti papo hapo uani. "Desemba alikuwa hapa njiani! Dionis yu hai! Kwa nini hakupita nyumbani? Ameona aibu kwa kuiuza. Mjinga huyu, nani angemgombeza?"

Inspekta alimtazama Koplo. Kama macho ya afisa wa polisi yangekuwa na cheo, hayo yangekuwa ya Mkuu wa Jeshi.

Habari ilipita migombani. Jirani mmoja akaja, akapiga makofi taratibu kwa heshima, "Mwidiwe, Mama Stani," akauliza habari za mbuzi, za maharage, za dada yake wa Murungu, na mwishoni: "Na Dionis, hajambo huko aliko?" Akaja wa pili, akapita njia ile ile mpaka mwisho wake: "Na Dionis?" Akaja mzee kiziwi. Hakusikia jibu hata moja, lakini aliuliza yote, na Dionis akiwemo. Inspekta aliketi kwenye kigoda akihesabu mbuzi. Walikuwa wawili. Mama alikwisha kuulizwa habari zao kana kwamba ni mia.

Mama akawakirimu. Koplo alipewa kibuyu cha pombe ya ndizi, akanywa kwa heshima zote za Serikali. Inspekta hakunywa pombe, kwa hiyo aliletewa ndizi mbivu, manjano, laini. Alikula mbili. Zilikuwa tamu.

"Za shimoni?" aliuliza Koplo.

"Za shimo lile la zamani," mama alionyesha nyuma ya nyumba. Kwao ndizi za pombe huvundikwa: huchimbwa shimo, likatandikwa majani ya mgomba, zikafukiwa na moshi wake mpaka ziive. "Lilikuwa limefukiwa muda mrefu. Stani alipoleta habari kwamba Dionis anakuja Krismasi, nikasema nitalifungua nipike pombe ya kumpokea. Shimo jipya ni dogo, halitoshi furaha. Stani akasema, mama, usichoke, nenda kwa dada yako Murungu, mimi nitalifukua. Mtoto mwema. Akalifukua mvuani peke yake. Dionis hakuja, lakini shimo ninalitumia mpaka leo."

Inspekta aliacha kutafuna.

Wakati huo huo mbwa akabweka. Stanislaus alikuwa ameingia uani.

*

Alikuwa mtu mrefu, amevaa suti ya kijivu na viatu alivyovipangusa kwa jani kabla ya kubisha hodi. Alikuwa amepigiwa simu na jirani. Alipomwona Inspekta, aliinamisha kichwa. Kisha akamgeukia mama yake, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu.

"Mwidiwe, mama."

"Mwidiwe, mwanangu."

Salamu ikaanza. Alimuuliza mgongo wake. Akauliza mbuzi, yule mwenye mguu mbovu na yule mwenye tabia mbovu. Akauliza kuku aliyekuwa anaatamia. Akauliza maharage, na kama panya wamepungua. Akauliza dada wa Murungu na mume wa dada wa Murungu. Akauliza paa linalovuja. Akauliza jirani kiziwi. Mama alijibu kimoja kimoja. Kisha Stani akasimama, akapangusa magoti, akaketi.

"Umesikia?" mama hakuweza kusubiri. "Mdogo wako alikuwa hapa Desemba!"

"Nimesikia, mama. Tumshukuru Mungu."

"Mwalimu Stanislaus," alisema Inspekta. "Mara ya mwisho ulionana na Dionis lini?"

"Mwezi wa kwanza. Kahama, kituo cha mabasi."

"Alikwambia ameuza pikipiki?"

"Hakuniambia."

"Alikuwa na hali gani?"

"Amekonda kidogo. Alisema nimsalimie mama."

"Anaishi wapi Kahama?"

"Wachimbaji hawana makazi, afande. Leo hapa, kesho pale."

Majibu yalikuwa safi, kama shuka la mwanafunzi siku ya ukaguzi. Inspekta hakuwa na swali lingine. Aliaga, akatembea mpaka kwenye gari la polisi. Koplo aliwasha injini. Walikwenda hatua chache tu.

"Zima," alisema Inspekta.

"Afande?"

"Nisalimie. Kama unavyomsalimia mama yako Kasulu. Yote."

Koplo Bukuru alidhani ni adhabu. Alikohoa, akapiga makofi juu ya usukani, akamuuliza Inspekta habari za mgongo wake, za ng'ombe, za shamba la mihogo, za kaka zake wanne, za shangazi aliyevunjika mkono. Akanyamaza.

"Umemwacha nani?"

"Sijamwacha mtu, afande."

"Baba yako hukumuuliza."

"Baba amefariki."

"Ndiyo, lakini kwa nini hukumuuliza?"

Koplo alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hanywi wino.

"Marehemu haulizwi hali, afande. Ni kama kumwita. Ulimi wenyewe unakataa. Na aliye hai, hata kama mmegombana, hata kama yuko jela, kumruka ni kumzika. Hakuna Muha..."

Hapo ndipo Koplo naye alipokumbuka. Mkono wake ulitoka kwenye usukani taratibu.

"Ameuliza kuku," alisema Inspekta. "Ameuliza paa. Ameuliza panya, Bukuru. Jirani wote wamemuuliza Dionis, hata yule kiziwi. Kaka yake hakumuuliza."

"Yesu na Maria," alisema Koplo Bukuru. Akatazama kibuyu alichopewa na mama, kikiwa bado na pombe, kando ya kiti chake. Akafungua mlango wa gari haraka, akainama.

Inspekta hakumcheka. Mdomoni mwake bado kulikuwa na utamu wa ndizi.

*

Walirudi. Stani alikuwa ameketi pale pale. Mama alikuwa jikoni akipuliza moto.

"Kuna kitu nimesahau," alisema Inspekta. "Mimi ni mtu wa Tanga, nataka kujifunza salamu za kwenu. Msalimie mama tena, mwalimu. Mama, njoo."

Stani alitabasamu. Alichuchumaa, akapiga makofi. Mgongo, mbuzi, kuku, maharage, panya, dada, mume wa dada, paa, jirani. Akanyamaza.

"Endelea," alisema Inspekta.

"Nimemaliza, afande."

"Bado mmoja."

Mama alikuwa amesimama na kijiti cha moto mkononi. Alimtazama Inspekta, kisha mwanawe.

"Muulize mama yako: na Dionis, hajambo?"

Stani alifungua mdomo. Ulikuwa mdomo wa mwalimu wa kwaya, mdomo uliozoea kuongoza sauti zote nne. Haukutoa hata moja. Alijaribu tena. Neno halikutoka.

"Stani," alisema mama.

Mama alimsogelea hatua moja.

"Stani, mwanangu. Niulize."

Alimtazama mama yake. Kisha macho yake, bila yeye kuyatuma, yakakwenda nyuma ya nyumba, kwenye shimo. Yakarudi. Lakini yalikuwa yamekwenda, na watu watatu waliyaona yakienda.

Kijiti cha moto kilianguka.

"Mwalimu Stanislaus," Inspekta alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kengele. "Hulazimiki kusema neno. Ukisema, litaandikwa na litatumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Dionis yuko wapi?"

"Yuko nyumbani," alisema Stani. "Hajawahi kuondoka."

*

Alisema yote akiwa amechuchumaa vile vile, kana kwamba salamu bado inaendelea.

"Kulikuwa na ng'ombe," alisema. "Baba alituachia mmoja. Alisema ni wa mahari yangu, mimi mkubwa. Nilikuwa nimekubaliana na Immakulata. Kwao walikuwa wananisubiri. Dionis akaja na maneno yake. Mama, tumuuze ng'ombe tununue pikipiki, pikipiki itazaa ng'ombe wawili, Stani atapata wake na wa ziada."

"Niliuza," alisema mama. "Niliuza mimi."

"Pikipiki haikuzaa. Kwao Immakulata wakachoka. Wakamwoza mtu wa Kasulu. Hilo nililimeza, afande. Wallahi si hilo."

Hakuwa Mwislamu. Kiapo kilimtoka tu, kama mtu anayeshika chochote kilicho karibu akizama.

"Ni nini basi?"

"Siku ya harusi bibi harusi alikosa usafiri. Gari lao lilikwama. Wakaita bodaboda. Akaenda Dionis." Stani alicheka, au koo lake lilifanya kitu kinachofanana na kucheka. "Alimpakia. Sanduku lake akalifunga kwenye ile keria. Akampeleka mwenyewe kwa mume. Mimi nilikuwa hapa nachimba shimo la ndizi. Akarudi jioni, akasimama pale ukingoni, anacheka. Akasema: kaka, ng'ombe wako amembeba mkeo, na nauli wamenipa."

Koplo Bukuru alikuwa haandiki.

"Ulikuwa utani," alisema Stani. "Dionis alikuwa mtu wa utani. Kesho yake angeniomba radhi, angeniletea sigara. Mimi nilikuwa na jembe. Nilimpiga kwa mpini, mara moja. Nilidhani ataamka anitukane."

"Hakuamka."

"Hakuamka. Nikamlaza chini, pikipiki juu, nikafukia. Mama alipotoka gulioni nikamwambia ameenda Kahama."

"Na salamu?" Mama ndiye aliyeuliza. Alikuwa ameketi chini, miguu mbele, kama mtoto. "Salamu ulizokuwa unaniletea?"

"Ulikuwa hulali, mama. Nikisema anakusalimu, usiku ule unalala. Kisha ukaacha kula. Nikasema atakuja Krismasi, ili ule. Ukala." Akaanza kulia. "Ukasema utalifungua shimo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Uongo aliousema ili mama yake ale ndio uliomrudisha shimoni na sepetu, mvuani, peke yake. Aliitoa pikipiki kwa sababu jembe la mama lingeigonga. Mdogo wake hakumgusa. Alisawazisha udongo juu yake. Akaiburuta pikipiki mpaka barabarani, akamsimamisha wa kwanza aliyepita na kigari, na alipoulizwa jina, akasema Dionis.

"Kwa nini jina hilo?"

"Lilikuwa mdomoni," alisema. "Lilikuwa mdomoni miaka yote miwili. Kwa yule wa kigari nililisema bila shida. Hapa siwezi."

*

Walilichimba shimo kesho yake mchana, mbele ya daktari wa wilaya na mwenyekiti wa kijiji. Chini ya majani ya mgomba, chini ya maganda na majivu ya moshi, udongo ulikuwa mweusi na laini. Mifupa ilikuwa imelala ubavu. Daktari aliinua fuvu kwa mikono miwili, akaonyesha ufa nyuma ya sikio. "Kitu butu," alisema. "Pigo moja." Sampuli za vinasaba zikafungwa kupelekwa Dar es Salaam. Majirani walikuwa wamesimama kwenye migomba. Wengi wao walikuwa wamekunywa pombe ya shimo lile Krismasi, wakiimba, wakimsubiri Dionis aje. Mzee kiziwi aliuliza kwa sauti kuna nini, na hakuna aliyempigia kelele za kumjibu.

Mwalimu Elisante aliachiliwa kwa dhamana ya aibu yake. Alirudi Murungu juu ya roli la maharage. Abbasi alishtakiwa kwa kadi. Pikipiki nyekundu ikawa kielelezo, ikawekwa nje ya kituo cha Kibondo, kwenye jua na mvua. Rangi ikaanza kubabuka. Tairi zikalala. Kuku walirudi kuitazama, lakini haikuwaonyesha kitu tena.

Ilikuwa mwaka uliofuata, majibu ya vinasaba yaliporudi na mifupa ikaruhusiwa kuzikwa upya, ndipo Inspekta Asmahani alipokwenda Kitahana bila sare. Stani alikuwa mahabusu akisubiri Mahakama Kuu.

Mama Stani alikuwa ameketi uani, akichambua maharage kwenye ungo. Ukutani nyuma yake sahani moja ilikuwa imepinduliwa, imeoshwa, inakauka.

Inspekta alichuchumaa. Magoti yalilia. Akapiga makofi taratibu kama alivyofundishwa na Koplo.

"Mwidiwe, mama."

Mama aliweka ungo chini. "Mwidiwe."

Inspekta aliuliza mgongo. Aliuliza mbuzi mwenye mguu mbovu na mwenye tabia mbovu. Aliuliza kuku, panya, paa. Aliuliza dada wa Murungu na mume wake. Aliuliza jirani kiziwi. Alipofika mwisho alisimama pale alipopaswa kusimama, akamruka Dionis kwa heshima, ulimi ukiwa mzito mdomoni.

Akanyamaza. Mbuzi mwenye tabia mbovu alikuja akatia mdomo kwenye ungo, na hakufukuzwa.

"Nimekosea, mama?"

"Umepatia vizuri," alisema Mama Stani. "Lakini umemsahau mmoja."

"Nani?"

Mama alitazama barabara ya Kasulu.

"Niulize Stani," alisema. "Yeye yu hai."